Skizofrenia na epijenetiki: kwa nini ugonjwa wa akili si hukumu ya ukoo

Bujumbura. Kabla ya posa kupokelewa, wazee wa upande mmoja huulizia habari za upande wa pili. Huulizia dini, tabia na kazi. Kisha, kwa sauti ya chini, huuliza swali jingine: je, katika ukoo ule kuna mwenye wazimu? Jibu likiwa ndiyo, zipo posa ambazo huishia hapo hapo, na kijana aliye mzima hubebeshwa aibu ya ugonjwa asio nao.

Swali hilo linatokana na imani ya kale kwamba wazimu hutembea na damu. Wapo wengine wanaosema kwamba mgonjwa amepandwa na jini, amerogwa, au analipa kosa la wazazi wake. Kwa miaka mingi sayansi ya tiba nayo ilikuwa na mvutano wake: baadhi ya wataalamu walisema chanzo ni urithi, wengine wakasema ni malezi na mazingira. Tawi la elimu ya viumbe linaloitwa epijenetiki limeanza kuonyesha mahali ambapo mambo hayo mawili yanakutana. Makala hii inaeleza linachosema kuhusu skizofrenia, ugonjwa mkubwa kuliko mengine miongoni mwa yale ambayo lugha ya mitaani huyaita wazimu, na pia mahali ambapo wanasayansi wenyewe wanatuonya tusiende mbio.

Skizofrenia ni ugonjwa gani?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya kila watu 300, yaani watu wapatao milioni 24 ulimwenguni. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya 20, na kwa wanaume huwahi zaidi kuliko kwa wanawake. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini kwa dhati mambo yasiyo na msingi, kwa mfano kwamba majirani wanamfuatilia au kwamba chakula chake kimetiwa sumu. Maneno yake hupotea mpangilio. Wengine hujitenga, huacha kuoga, huacha masomo au kazi, na familia hudhani kuwa ni uvivu au kiburi.

Si kila anayechanganyikiwa ana skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, maambukizi ya ubongo, pombe na dawa za kulevya vinaweza kuleta hali inayofanana nayo. Ndiyo maana uchunguzi wa daktari unatakiwa kutangulia kauli yoyote nyingine.

Funzo la mapacha

Ni kweli kwamba urithi una nafasi kubwa katika ugonjwa huu. Mtu ambaye mzazi wake mmoja au ndugu yake wa tumbo moja ana skizofrenia ana uwezekano mkubwa wa kuugua kuliko mtu mwingine. Makadirio ya kawaida ni karibu watu 10 katika kila 100, ikilinganishwa na takriban mtu 1 katika kila 100 kwa watu wote katika maisha yao. Lakini tuitazame hesabu hiyo kwa upande wa pili: katika watoto 100 wenye mzazi mgonjwa, karibu 90 hawapatwi na ugonjwa huo. Aidha, wagonjwa wengi hawana mzazi wala ndugu wa karibu aliyewahi kuugua.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa mapacha wa kufanana, wale wanaotokana na yai moja na ambao vinasaba vyao ni vilevile. Laiti skizofrenia ingekuwa kazi ya damu peke yake, pacha mmoja akiugua, mwenzake angeugua pia kila mara. Haiko hivyo. Tafiti za mapacha, zikiwemo zile kubwa za Denmark, zimeonyesha kwamba mmoja akiugua, mwenzake huugua katika takriban theluthi moja hadi nusu ya visa. Zaidi ya nusu ya hao wenza hubaki bila ugonjwa, ingawa wamebeba vinasaba vile vile.

Wala hakuna jeni moja ya wazimu. Mwaka 2022, utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la Nature uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 76,000 na kubaini sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na skizofrenia. Kila sehemu huongeza hatari kidogo sana, na karibu kila mmoja wetu amebeba baadhi yake. Wakati huohuo, utafiti mwingine uitwao NeuroGAP-Psychosis umekusanya sampuli kutoka kwa makumi ya maelfu ya watu nchini Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu iliyopo hadi sasa imetokana na watu wenye asili ya Ulaya.

Herufi na irabu

Hapo ndipo epijenetiki inapoingia. Neno hili lilibuniwa na mwanabiolojia Conrad Waddington mwaka 1942, akitafuta namna ya kueleza jinsi jeni na mazingira vinavyoshirikiana kumjenga kiumbe. Leo lina maana iliyo finyu zaidi: ni elimu ya alama za kikemikali zinazokaa juu ya vinasaba na kuamua jeni ipi isomwe, kwa kiasi gani, na ipi inyamaze.

Aliyesoma madrasa, iwe Buyenzi au kwingineko, atalielewa jambo hili upesi. Herufi tatu za Kiarabu, kafu, ta na ba, zinaweza kusomwa kataba, yaani aliandika. Zikasomwa kutiba, yaani iliandikwa. Au kutub, yaani vitabu. Herufi hazikubadilika. Kilichobadilika ni irabu zilizowekwa juu na chini yake. Vinasaba vyetu vina herufi zipatazo bilioni 3, na kila seli ya mwili, ya ini, ya ngozi au ya ubongo, imebeba karibu maandishi yale yale. Seli ya ini haifanyi kazi ya seli ya ubongo kwa sababu alama zilizo juu ya maandishi hayo ni tofauti.

Alama inayojulikana zaidi ni kikundi kidogo cha methili, chenye atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni. Mara nyingi, kikijishikiza mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hupunguza kazi au hunyamaza, mfano wa herufi iliyowekewa sukuni. Alama nyingine hukaa kwenye histoni, ambazo ni protini zinazofanana na vigurudumu vya uzi ambavyo vinasaba huzungushiwa. Uzi ukikazwa sana, jeni haisomeki; ukilegezwa, inasomeka.

Alama hizi hazibaki vile vile maisha yote. Umri, chakula, maradhi, moshi wa sigara na msongo mkali wa mawazo vinaweza kuzigeuza. Methili yenyewe mwili huipata kwa sehemu kutokana na lishe, kupitia virutubisho kama foleti, inayopatikana katika maharagwe, lengalenga na mboga nyingine za majani.

Njaa iliyoacha alama

Je, tunajuaje kwamba mazingira ya kabla ya kuzaliwa yanaweza kugusa akili ya mtu mzima? Jibu mojawapo linatokana na misiba miwili ya historia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika magharibi mwa Uholanzi. Mgao wa chakula ulishuka hadi chini ya kalori 1,000 kwa siku. Miaka mingi baadaye, mtafiti Ezra Susser na wenzake walifuatilia rekodi za watu ambao mimba zao zilitungwa njaa ilipokuwa kali kabisa. Hatari yao ya kupata skizofrenia ilikuwa takriban mara mbili ya watu wengine.

Jambo hilo lilijirudia nchini China. Katika eneo la Wuhu, mkoani Anhui, njaa kubwa ya mwaka 1959 hadi 1961 iliua watu wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba hatari ya skizofrenia ilikuwa asilimia 0.84 kwa waliozaliwa mwaka 1959, ikapanda hadi asilimia 2.15 kwa waliozaliwa mwaka 1960.

Mwaka 2008, mtafiti Bastiaan Heijmans na wenzake waliwapima Waholanzi ambao mimba zao zilitungwa wakati wa ile njaa, wakawalinganisha na ndugu zao ambao hawakuguswa nayo. Zaidi ya nusu karne baada ya tukio, jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na alama chache za methili kwa wale wa njaa. Kwa maneno mengine, mwili ulikuwa umehifadhi kumbukumbu ya njaa ambayo mtu mwenyewe hawezi kuikumbuka. Hata hivyo, utafiti huo haukuthibitisha kwamba alama hiyo hasa ndiyo inayoleta skizofrenia. Ulithibitisha kwamba njaa ya tumboni inaweza kuacha alama ya kudumu.

Habari hii inatuhusu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kudumaa si skizofrenia, na mtoto aliyedumaa hakuandikiwa kuugua akili. Lakini lishe ya mama mjamzito ni suala la ubongo pia, mbali na uzito na urefu wa mtoto.

Vita katika ukanda wetu

Ukanda wa Maziwa Makuu umetoa ushahidi wa namna nyingine. Watafiti wa Rwanda na Uswisi, wakiwemo Nader Perroud na Eugène Rutembesa, waliwachunguza wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994, pamoja na watoto waliowazaa, wakawalinganisha na wanawake 25 na watoto wao ambao hawakuyapitia mauaji hayo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Jeni iitwayo NR3C1, inayosaidia mwili kudhibiti kortisoli, homoni ya msongo, ilikuwa na alama nyingi zaidi za methili kwa akina mama walionusurika na pia kwa watoto wao.

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, Connie Mulligan na wenzake walifanya kazi katika hospitali ya HEAL Africa na akina mama 25 pamoja na watoto wao wachanga. Mwaka 2012 waliripoti kwamba akina mama waliopitia msongo mkubwa zaidi wakati wa ujauzito, ukiwemo ule wa vita, walizaa watoto wenye alama nyingi zaidi kwenye jeni hiyo hiyo ya NR3C1, na wenye uzito mdogo.

Katika hatua hii tahadhari inahitajika. Tafiti hizo za Rwanda na Goma hazikuhusu skizofrenia. Zilihusu msongo, na ule wa Rwanda uligusa pia kiwewe na huzuni kali. Idadi ya waliopimwa ni ndogo. Tena, alama za methili si ubaya siku zote: utafiti wa mwaka 2014 uliowahusu manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda uliona kwamba, kwa wanaume, alama nyingi zaidi mahali fulani kwenye NR3C1 ziliambatana na kumbukumbu chache za kutisha na hatari ndogo ya kiwewe. Alama ile ile inaweza kuwa jeraha au kuwa kinga, kutegemea mahali ilipo na nani aliyeibeba.

Kwa Warundi, ambao familia zao nyingi zimepitia mauaji ya mwaka 1972, vita vilivyoanza mwaka 1993 na maisha ya ukimbizini, kishawishi cha kusema kwamba kila ugonjwa wa akili ni alama ya vita ni kikubwa. Sayansi haijafika huko.

Ubongo hauonekani katika damu

Kuna sababu nyingine ya kwenda polepole. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chicago, akiwemo Alessandro Guidotti, walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na skizofrenia na kukuta upungufu wa protini ya rilini, inayosaidia seli za ubongo kujipanga na kuwasiliana. Walipendekeza kwamba jeni yake ilikuwa imenyamazishwa na methili. Lakini si maabara zote zilizorudia kazi hiyo ambazo zilipata matokeo yale yale.

Kwa mtu aliye hai, haiwezekani kuukata ubongo ili kuupima, hivyo wengi hupima damu. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulichanganua damu ya watu 4,483, ukakuta tofauti nyingi za methili kati ya wenye saikosisi na wasio nayo. Hata hivyo, sehemu ya tofauti hizo ilitokana na sigara, ambazo wagonjwa wengi huvuta, na nyingine ilihusiana na dawa ya klozapini wanayopewa baadhi yao. Mtu akikuta alama kwenye damu ya mgonjwa, ni lazima ajiulize kama ndiyo chanzo cha ugonjwa au ni matokeo ya kuugua.

Kwa hiyo hakuna kipimo cha epijenetiki kinachoweza kumwambia mtu kwamba ana skizofrenia au ataipata. Anayeuza kipimo, chai au dawa ya kusafisha vinasaba anauza kitu ambacho sayansi haikukitoa.

Je, alama hurithiwa?

Baadhi ya vyombo vya habari vimeandika kwamba kiwewe hurithiwa vizazi na vizazi. Kwa binadamu, jambo hilo halijathibitishwa. Mayai na mbegu za uzazi zinapoundwa, na tena mimba inapotungwa, sehemu kubwa ya alama za methili hufutwa na kuwekwa upya. Mtoto aliyekuwa tumboni wakati wa njaa au vita hakurithi kisa cha mama yake. Yeye mwenyewe alikuwepo. Na ikiwa mtoto huyo ni wa kike, mayai yake nayo huanza kuundwa angali tumboni, hivyo mjamzito mmoja hubeba mwanzo wa vizazi viwili vinavyomfuata.

Maelezo haya hayapaswi kugeuzwa kuwa shutuma mpya. Zamani mama alishutumiwa kuwa ameleta jini nyumbani. Isije leo akashutumiwa kuwa ameharibu jeni za mwanawe. Mwanamke aliyekimbia risasi akiwa na mimba hakuchagua kukimbia, na aliyelala njaa hakuichagua njaa. Isitoshe, wengi waliozaliwa na akina mama wa hali hiyo hawakuugua.

Linalowezekana sasa

Habari njema ni kwamba tiba haingoji epijenetiki ikamilike. Dawa kama haloperidoli zimetumika kwa miongo mingi, na nyingine hutolewa kwa sindano ya mara moja kwa wiki kadhaa kwa mgonjwa anayesahau vidonge. WHO inasema kwamba angalau mtu 1 kati ya 3 wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa. Wengi wengine huishi vizuri wakiendelea na matibabu. Kadiri mgonjwa anavyofikishwa mapema, ndivyo matokeo yanavyokuwa bora.

Mjini Bujumbura, Kituo cha Magonjwa ya Akili na Neva cha Kamenge, maarufu kwa kifupisho CNPK, kinachoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, hupokea wagonjwa wa dini zote na kutoka mikoa yote, na kina matawi Gitega na Ngozi. Anayesikia sauti, anayeacha kulala kwa siku nyingi au anayeogopa jamaa zake bila sababu apelekwe huko, au kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Familia inayotaka kumsomea dua au kumwombea kanisani haikatazwi. Dua haizuii dawa. Kumfunga kamba, kumpiga au kumnyima chakula humdhuru mgonjwa na huchelewesha tiba. Dawa nazo zisikatishwe mara mgonjwa anapopata nafuu bila ushauri wa daktari, kwani hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Yapo pia ya kufanya mapema. Mjamzito ahudhurie kliniki, ameze vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki anavyopewa, na apate chakula cha kutosha. Hilo ni jukumu la mume na jamaa pia. Kijana, hasa mwenye ndugu mgonjwa, ajiepushe na bangi, kwani matumizi yake makubwa katika ujana huambatana na hatari kubwa zaidi ya saikosisi.

Tukirudi kwenye ile posa, wazee hawana kosa kuuliza. Kosa ni kulifanya jibu kuwa hukumu. Aliye na kaka au shangazi mwenye skizofrenia anaweza kujibu bila kuficha: ndiyo, yupo, anatibiwa, na uwezekano mkubwa ni kwamba sisi wengine na watoto wetu hatutaugua. Siku familia zitakapoweza kulisema hilo mbele ya wageni, hazitakuwa tena na sababu ya kumficha mgonjwa chumbani, na aliyekuwa akifichwa atafika Kamenge katika wiki za kwanza badala ya mwaka wa tano.